Betri ya Lori na Kifua Chako

Penina mwanangu,

Sikuulizi hali, maana hali yako naisikia kutoka chumba cha pili. Unabishana na mama yako juu ya sanduku: yeye anataka blanketi likae chini, wewe unataka likae juu. Kesho treni itakuchukua Kilosa, itapita Kidete na kupanda mpaka Dodoma kwenye shule yako ya bweni. Habari za sabuni, soksi, sala, na nani wa kukaa naye karibu ndani ya behewa, zimekwisha kusemwa na watu wengi kuliko unavyohitaji. Mimi huko sina la kuongeza. Nilikaa mezani nikitaka kukuandikia neno moja la maana, ulitunze, ulisome tena ukiwa mkubwa.

Lakini watu hawaniachi. Kwanza amekuja Mwalimu wako. Amekuaga vizuri, amekupa kalamu, kisha akanigeukia: "Sasa mtoto anaondoka, Karani. Ile betri mnaiuza?" Akafuata mke wa tabibu wa zahanati, naye vilevile, huku macho yake yako chini ya meza ambako betri yenyewe imekaa. Mwisho akaja Maganga, fundi wa mtambo. Yeye hakuuliza bei. Alisimama mlangoni akasema, "Mtani, hiyo betri nayo umeiombea ruhusa ya kusafiri na mtoto?" Wakacheka wote, mama yako kati yao. Na wewe pia. Nilikusikia.

Basi, badala ya neno la maana nitakuandikia habari ya betri. Najua unaijua vipande vipande, jinsi wanavyoisimulia hapa kambini kwetu kwenye mkonge, na kila anayeisimulia huongeza chumvi yake na mimi huzidi kuwa mjinga. Nataka uwe nayo kama ilivyokuwa. Ujinga wangu unatosha bila chumvi.

Ulipokuwa darasa la tatu ulianza kukohoa. Hayakuwa mafua. Kilikuwa kikohozi kikavu, kilikuja jioni na kukaa mpaka usingizi ukushinde. Tabibu alikusikiliza kifua, akauliza unasoma kwa taa gani. Nikamwambia koroboi.

"Basi ndiyo hiyo," akasema. "Mtoto anavuta moshi wa utambi kama mzee anavyovuta kiko. Ama aache kusoma usiku, ama mtafute taa isiyo na moshi."

Kuacha kusoma haikuwezekana. Mtihani wa darasa la nne ulikuwa mbele yako, na nafasi za wasichana katika shule za kati zinahesabika kwa vidole. Hatujafika hata nyumbani mama yako akasema, "Nunua chemli." Maneno mawili. Mtu mwingine angegeukia dukani siku ileile na habari ingeishia hapo, nami leo ningekuwa nakuandikia juu ya ujasiri au juu ya Mungu.

Mimi nikaanza kufikiri. Nikaona chemli nayo ina utambi, na penye utambi pana moshi. Kioo chake huvunjika. Mafuta ya taa hununuliwa wiki hata wiki, maisha yote. Na kule Kilosa mjini, kwa Mhindi mwenye duka la vipuri, nilikuwa nimeona betri ya lori, iliyotumika lakini bado hai, pamoja na waya wake na balbu ya gari. Bei yake ilipita mshahara wangu wa mwezi. "Karani, hii unanunua mara moja," Mhindi aliniambia. "Chemli inakula mafuta kila siku. Hii inakula nini? Maji tu." Hakusema kwamba inakula umeme pia, na mimi msomi sikuuliza.

Kila mwisho wa mwezi nilikwenda kuitazama. Mhindi alinizoea mpaka akawa ananitolea kiti. Masika yakaja, yakaisha, nami bado napima: chemli au betri, betri au chemli, nikihesabu uzuri wa hii na ubaya wa ile. Mama yako alinivumilia wiki nyingi, halafu siku moja akiwa anachambua mchele akaniuliza, "Baba Penina, hiyo betri unaichumbia? Tupeleke posa?"

Na wakati wote huo ulikuwa unakohoa. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, na anayeniudhi ni mimi mwenyewe. Nilijiita mwangalifu. Watu waliniita mwangalifu. Lakini kupima jambo kupita kiasi ni woga tu, umevaa shati safi. Hata siku niliyoinunua sikuinunua kwa kuwa nimekwisha kupima. Niliinunua kwa kuwa asubuhi ile ulikohoa mpaka ukatapika uji, nikatoka mbio na kofia nimeiacha.

Betri ikafika, taa ikawaka. Unakumbuka usiku wa kwanza: majirani walijaa humu ndani mpaka hukupata hata pa kufungulia kitabu. Baada ya siku chache mwanga ukawa wa njano, kisha mwekundu, kisha hapana. Nikaenda kwa Maganga.

Maganga alikuwa akisimamia mtambo unaoendesha korona, ile mashine inayosaga majani ya mkonge na kutoa singa, yaani nyuzi zake. Hakunikawiza. "Ilete, mtani. Wakati korona inafanya kazi, mtambo hauoni tofauti. Betri ya tabibu naichaji hapa. Ya redio ya Mwalimu naichaji hapa. Yako itakuwa ndugu yao wa tatu. Ila mdomo." Akaweka kidole midomoni.

Hapo nikashikwa na homa ya moyo. Ruhusa iko wapi? Nani ameandika? Nikamwuliza Maganga, naye akanitazama kama ninayesema Kilatini. "Ruhusa ya nini? Meneja anapita hapa kila siku. Anaziona. Anageuza uso. Huko kugeuza uso ndiyo ruhusa."

Penina, usinicheke mapema. Nisikilize nilikotoka. Babu yako, baba yangu, alikuwa mkata mkonge. Unakijua kipande, ile kadi ambayo mnyapara huitia alama kwa kila siku uliyomaliza kazi. Siku ambayo mnyapara amesahau kuitia alama, au amekasirika tu, ile siku hukuifanya. Mgongo unauma, mikono imejaa miiba, lakini hukuifanya. Nilimwona baba yangu akirudia siku alizokwisha kuzifanya, na kila mara aliniambia maneno yaleyale: kisichoandikwa hakipo. Alinipeleka shule ya misheni ili niwe upande wa wanaoandika. Nikafika upande huo. Nikaamini karatasi kuliko watu, kwa kuwa nilikuwa nimeona watu wanavyosahau.

Kwa hiyo nikaandika. Niliandika maombi kwa Bwana Meneja, kwa Kiingereza changu kizuri kuliko vyote, nikiomba ruhusa ya kuchaji betri moja ya nyumbani kwenye mtambo wa kampuni, "kama wanavyofanya watumishi wengine." Na kwa kuwa ofisini kila barua inayohusu mali ya kampuni hutolewa nakala kwenda makao makuu Dar es Salaam, nikatoa nakala. Hakuna aliyenituma. Niliifunga mwenyewe katika bahasha ya posta ya wiki ile, pamoja na hesabu za marobota.

Majibu yalipokuja kutoka Dar es Salaam, Bwana Meneja aliniita. Unamjua, yule Mgiriki ana sauti kubwa lakini si mtu wa kutukana. Siku ile alisema polepole, na ndilo lililonitia baridi. Alinikalisha mbele ya mashine ya taipu akanisomea tangazo. Ni marufuku kwa mtumishi yeyote, wa cheo chochote, kuchaji betri kwenye mtambo. Atakayeonekana atafukuzwa kazi. Nikapiga chapa neno kwa neno. Nilipofika mwisho nikamwuliza, "Nakala ngapi, bwana?"

"Za kutosha," akasema.

Nililibandika tangazo lile kwa mikono yangu: ofisini, dukani, penye mlango wa mtambo. Jioni redio ya Mwalimu ikakata, na watu waliozoea kukaa barazani kwake wakisikiliza habari na ngoma wakarudi makwao mapema, wakipita mbele ya mlango wetu, kila mmoja akikohoa kidogo ili nisikie. Zahanati ikarudi kwenye chemli. Mimi nikapata jina: Karani Marufuku. Wewe ukawa Binti Marufuku. Ulirudi kutoka shuleni siku moja umenuna, nikakuuliza, ukasema, "Nimeomba penseli kwa Asia. Amesema nimwandikie kwanza." Mama yako alilazimika kutoka nje ili acheke vizuri.

Betri ikalala chini ya meza. Koroboi likarudi. Kikohozi hakikuwa kimeondoka hata siku moja, lakini sikuona maana yake. Nilidhani hatukuwa tumewasha taa muda wa kutosha.

Kisha, wiki moja au mbili baadaye, betri ikawa na moto. Nilipouliza, mama yako alisema, "Washa taa, mtoto asome." Nikawasha. Sikuuliza tena, na kutouliza huko kulikuwa kitu kipya kwangu, mpaka nilipotambua mwenyewe, ofisini, nikiwa naandika safari za lori. Lori linaloendeshwa na mjomba wako Kondo lilikuwa linakwenda Mikumi na kupita mpaka upande wa Ruaha kuleta mahindi ya posho. Kondo na mama yako ni ndugu toka nitoke, wote wa Mikumi, na hawahitaji maneno mengi. Betri yetu ilikuwa inaingia ndani ya lori, inasafiri, inarudi imejaa. Betri ya kampuni ilikuwa inalala chini ya kitanda changu.

Mwanangu, sikupata usingizi. Nilijifariji kwa namna ya kikarani: tangazo lilitaja mtambo, halikutaja lori. Nililisoma mara nyingi, na kila mara halikutaja lori. Huku najua kabisa kwamba siku ikijulikana nitapoteza kazi, na nikipoteza kazi tunapoteza nyumba hii, na wewe mtihani utaufanyia wapi? Nilimwambia mama yako tuache. Akaniuliza, "Tuache nini, kusoma au kukohoa?"

Ikawa kama nilivyoogopa. Betri yetu ilikuwa ya zamani, ikachoka, ikaishiwa nguvu njiani mbele ya Mikumi wakati lori limejaa mahindi. Mjomba wako alizungusha hendeli mpaka viganja vikavimba. Betri haikuwa na moto hata wa cheche. Akalala ndani ya kichwa cha lori, tembo wakilichungulia. Huku kambini posho haikutoka, na wakata mkonge wakakataa kuingia shambani kwa njaa, nao walikuwa na haki. Lori lilipovutwa mpaka hapa, Bwana Meneja mwenyewe alifungua boneti.

"Kondo. Betri hii si yetu. Ya nani?"

"Sijui, bwana," mjomba wako akasema. "Mikumi kuna mashetani wengi."

Meneja alimwambia akabidhi funguo, achukue vitu vyake, asionekane tena. Kondo akaanza kutoa funguo mfukoni, hata hakunitazama. Nadhani angenitazama ningeweza kunyamaza, ningejiambia ananisingizia. Nikasema, "Ni yangu, bwana." Sauti ilitoka nyembamba kama ya kifaranga. Kambini wanasimulia kwamba nilipiga hatua mbele. Si kweli. Nilikuwa nimeshika ukingo wa lori ili nisianguke.

Aliniita ndani. Akauliza kwa nini sikumwambia. Nikamwambia nilimwandikia, na jibu likawa lile tangazo. Akapiga meza.

"Ndiyo! Uliandika! Kwa nini uliandika? Mimi naona betri za tabibu na mwalimu kila siku. Je, nilisema kitu? Wewe unapeleka Dar es Salaam, Dar es Salaam inaniuliza mimi, natoa umeme wa kampuni bure? Sasa nijibu nini? Ungekuja hapa mlangoni ukasema mtoto anaumwa. Kwa mdomo."

Kondo alirudishiwa funguo. Mimi nilitolewa ofisini, nikapelekwa kwenye banda la brashi kuhesabu singa, na ndiko nilipo, kama unavyojua.

Sasa hapa ndipo ninapotaka uwe makini, maana hili hawalisimulii kambini, hawalijui. Banda la brashi ndimo singa kavu husuguliwa zikawa laini. Anafanya kazi humo shangazi yako Damari na wanawake wengine. Vumbi lake ni jeupe, linaelea, linaingia puani kabla halijatua chini, na mtu akitoka jioni nyusi zake ni za mzee. Kabla ya wiki kwisha nikaanza kukohoa. Kikavu, cha jioni, cha mpaka usingizi. Nilikaa kitandani nikakisikiliza kikohozi changu na nikakijua. Kilikuwa chako.

Nikamwuliza Damari, "Penina huja humu?"

"Kila siku akitoka shule," akasema. "Wote huja. Watoto wanapenda kurukia rundo la singa. Hukujua?"

Sikujua. Nilijua bei ya utambi na uzito wa betri, nilijua wino upi haufutiki, sikujua mwanangu anakaa wapi mchana. Tangu siku ile ulikatazwa bandani, ukalia, ukanichukia, na baada ya mwezi kifua kikatulia. Ulisomea mtihani kwa koroboi, pua juu ya moshi, ukaufaulu.

Kwa hiyo watu wanaponiuliza kama betri ilistahili gharama yake, natamani kuitupa mtoni. Taa uliyoipata kwayo haijai kikapu. Ilinigharimu kiti cha ofisini na heshima ya kambi nzima. Na bila betri nisingetupwa bandani, na bila banda ningekuwa bado nakupimia taa, nawe unakohoa. Nitamjibu nini mtu mwenye akili timamu? Leo jioni nimemwambia Mwalimu nitafikiri. Nimerudi kukaa, mama yako ananiambia ameshamwuzia tabibu kupitia kwa mkewe (ataichajia wapi, sikuuliza), na malipo ni nguo yako ya baridi iliyomo sandukuni. Wakati mimi ninafikiri.

Huko uendako kuna matroni na walimu na kanuni ukutani. Kanuni zisome. Lakini kifua kikikubana, usitafute kwanza kanuni inasemaje, wala usingoje mtu mwingine aseme kabla yako. Nenda mlangoni ukaseme, hata kama sauti itatoka ya kifaranga. Mimi ni mtu mwoga, na huenda umerithi. Sikuambii uache kuogopa, sijui hilo hufanywaje. Nakuambia inawezekana kusema huku umeshika ukingo wa kitu.

Na utakaponiandikia, nakuomba jambo moja. Sisi sote hufungua barua kwa "mimi ni mzima wa afya." Wiki ile ya kwanza ya banda nilimwandikia bibi yako mzima wa afya, huku nakohoa juu ya karatasi. Usinifanyie hivyo. Niandikie kama unakohoa au hukohoi, ndipo uendelee na salamu.

Damari bado yumo bandani, na wenzake, na watoto wao wachanga wanalala nyuma ya marobota. Nimeandika maombi kwa Bwana Meneja juu ya banda lile, kwa Kiingereza kizuri, nikayachana. Nikaandika tena, nikayachana. Kesho treni ikishakuchukua nitatoka stesheni moja kwa moja mpaka mlangoni kwake, mikono mitupu. Nitakuambia ukweli nilifika au niligeuka njiani. Na wewe nawe uniambie ukweli.

Baba yako